Nusu ya Jiwe Namba 47

Kitale
12 Februari 2024

Mama Derrick,

Pokea pole zangu, ingawa zimechelewa. Desemba nilisoma gazetini tangazo la makumbusho ya marehemu mume wako, Bramwel Khisa, na hapo ndipo nilipojua kwamba alifariki. Tangazo lilitaja kanisa lenu la Misikhu, kwa hivyo naituma barua hii kupitia ofisi ya kanisa.

Jina langu ni Jepkorir. Nilifundisha jiografia hapa Kitale hadi nilipostaafu. Mimi na Bramwel tulisoma jiolojia pamoja huko Wales, kuanzia mwaka 1980. Darasani tulikuwa Wakenya wawili tu.

Naandika kwa jambo moja. Katika mwaka wa pili tulipelekwa pwani kusoma miamba ya mashapo ya enzi ya makaa, iliyolala pale kwa zaidi ya miaka milioni mia tatu. Bramwel alipiga bamba moja la jiwe kwa nyundo, likafunguka kama kitabu. Ndani mlikuwa na kisukuku cha mnyama wa baharini, jamaa wa ngisi, mwenye gamba lililojisokota. Upande mmoja gamba lenyewe lilikuwa limetokeza. Upande wa pili kulikuwa na shimo lake tu, kama alama ya kidole kwenye udongo. Yeye alichukua gamba. Mimi nilichukua shimo. Nusu yangu ninayo hadi leo, kabatini.

Daktari wa macho ameniambia kwamba presha ya macho imeharibu mishipa, na kwamba kilichobaki kitaendelea kupungua. Tayari pembeni sioni. Ningependa kuziona nusu hizo mbili pamoja mara moja, nikiwa bado naona katikati. Siombi jiwe liwe langu. Naomba kuliona tu.

Wako,
Jepkorir


Misikhu
2 Machi 2024

Mwalimu Jepkorir,

Barua yako nimeipata. Pole zako nimezipokea.

Mawe unayoulizia hayapo. Mume wangu alikuwa na sanduku la mbao nyuma ya stoo, limejaa mawe yaliyofungwa kwa magazeti ya Kizungu. Alipokuwa hai hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tulipokuwa tukijiandaa kwa makumbusho, fundi Ngige alikuwa akijengea kaburi simiti, kokoto zikamwishia, na wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Mwanangu Derrick akamwambia achukue yale ya stoo. Akayavunjavunja kwa nyundo, akayachanganya. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama wa kanisa, tunasonga ugali wa watu mia mbili. Nilipotoka, sanduku lilikuwa tupu na fundi alikuwa analainisha juu kwa mwiko. Nilimgombeza. Akanijibu, "Mama, jiwe ni jiwe bana. Simiti haiulizi limetoka wapi."

Kwa hivyo jiwe lako liko kaburini.

Sasa nami nikuulize. Nimeishi na Bramwel tangu mwaka 1984. Habari za Wales amenipa: mvua, kondoo, mwenye nyumba aliyemnyima maji moto. Hajawahi kutaja Mkenya mwingine. Wewe ulikuwa nani?

Nijibu kwa barua. Nambari ya simu sikupi. Simu yangu Derrick huiweka spika, na sebule nzima husikia.

Agneta Nasike


Kitale
17 Machi 2024

Mama Derrick,

Niliposoma habari za fundi Ngige nilicheka, kisha nikaketi. Mume wangu, Job, aliuliza kuna nini, nikamsomea. Akasema, "Sasa huyo amezikwa na bahari yake. Wewe nitakuzika na nini, vumbi la chaki?" Tunalima mahindi upande wa Saboti, na mawe anayoyajua Job ni yale yanayovunja jembe la trekta.

Umeuliza nilikuwa nani. Nilikuwa mwanafunzi mwenzake. Tuliishi nyumba moja ya wanafunzi, yeye chini, mimi juu. Jumamosi tulipika ugali wa semolina kwa sababu unga wa mahindi haukupatikana, tukaula na kabeji, tukaambiana ni sukuma wiki.

Acha nikueleze sanduku lilikuwa na nini, maana mawe yake sasa yako uani kwenu na yatakaa.

Upande wa kusini wa nchi ile, zamani hizo, milima ilikuwa ikisukumwa na kupandana. Uzito wake uliielemea ardhi iliyokuwa mbele yake, nayo ikabonyea, kama godoro linavyobonyea karibu na mtu mnene aliyekaa ukingoni. Bonde hilo lilizidi kuzama, na mito ikazidi kulijaza mchanga na tope. Misitu iliota juu ya tope, ikafa, ikafunikwa, ikawa makaa ya mawe. Na mara kwa mara bahari iliingia. Haikukaa. Iliufunika msitu, ikaacha tope jeusi lenye magamba ya wanyama wake, ikatoka, na msitu ukaota tena. Ukisimama mbele ya jabali unaona mchanga mita nyingi, makaa, mchanga tena, halafu mstari mweusi usiozidi upana wa kiganja. Huo mstari ndio bahari. Bramwel aliuona kabla ya mwalimu. Alisema, "Ilikuja, ikakaa kidogo, ikaenda. Na bado wanaiandikia vitabu."

Huku kwetu hakuna kitu cha namna hiyo. Wanafunzi wangu walipoona chumvi kwenye mapango ya Elgon, ile inayolambwa na ng'ombe na ndovu, waliniambia, mwalimu, si hapa palikuwa na bahari! Ikanibidi niwaambie hapana, ni majivu ya volkeno. Walivunjika moyo. Nami pia, ingawa nilikuwa nalijua jibu.

Nakushukuru kwa kunieleza ukweli kuhusu jiwe. Ikiwa ukuta wa kaburi utawahi kuonesha kipande cheusi, niambie.

Jepkorir


Misikhu
9 Aprili 2024

Mwalimu,

Nilikwenda kaburini na barua yako mkononi. Simiti ya fundi Ngige imeanza kupasuka upande wa miguu, haijamaliza hata mvua moja. Hapo panaonekana kipande cheusi ukubwa wa kucha. Nimekitazama sana. Sasa najua ni bahari, lakini bado kinafanana na kokoto.

Bramwel alifanya kazi ya visima, kwa serikali, ofisi yake ikiwa Bungoma. Kuanzia Malakisi hadi huku kwetu, yeye ndiye aliyesema chimbeni hapa, msichimbe pale. Watu walimwita Bwana Maji. Akitoka kazini hakuongea habari za mawe. Jumapili tukitoka kanisani alichinja kuku mwenyewe, kwanza ananoa kisu, anaimba bila maneno, taratibu, huku na huku. Hicho ndicho ninachokikosa. Si mazungumzo yake, maana hakuwa na mengi. Ni ule mlio wa kisu. Sasa nikinoa mimi, nikifumba macho, ni kama yuko.

Umeandika kwamba mlipika ugali wa semolina. Nani alisonga?

Agneta


Kitale
28 Aprili 2024

Mama Derrick,

Alisonga yeye. Mimi nilijaribu mara moja ukawa uji. Akautazama akasema, "Nikimpelekea mama huu pale Misikhu, ataniuliza kama naoa au nalea."

Umeuliza swali dogo na umepata jibu la lile kubwa. Ndiyo, tulizungumza kuoana. Nyumbani hatukuwa tumewaambia. Mwaka 1983 baba yake aliugua, naye Bramwel akarudi nyumbani. Mimi nilibaki kumaliza masomo. Aliandika kwa muda, kisha akaacha. Niliporudi nilisikia amepata kazi na mke. Sikuja kuuliza. Nilipata kazi Kitale, nikampata Job, tukapata watoto watatu. Job anajua. Sijakuficha kitu kingine.

Kuhusu jiwe: ikiwa simiti itaendelea kupasuka, na ikiwa fundi hakulivunja, utalitambua hivi. Ni jeusi, gumu, laini ukilishika. Unene wake ni kidole gumba, urefu wake kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Pembe moja imemeguka. Nyundo yangu iliteleza nilipokuwa nalipunguza, akanuna hadi jioni. Ubavuni kuna namba ya sampuli kwa rangi nyeupe, 47. Langu nalo limeandikwa 47.

Jepkorir


Kitale
14 Julai 2024

Mama Derrick,

Hujaandika tangu Aprili. Kama niliyoyasema yamekuumiza, niambie, nami nitakoma. Nilidhani kujibu ulichouliza ni heshima. Job anasema nimemwambia mjane kwa barua moja mambo ambayo yeye mwenyewe aliyapata vipandevipande kwa miaka kumi. Ni kweli.

Mahindi yametoa mbelewele. Zamani nikisimama mlangoni niliona shamba lote, na Elgon nyuma yake. Sasa natazama kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nageuza kichwa, napata mlima. Nageuza tena, napata shamba. Vyote viwili pamoja, hapana.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia ujue kwamba nikiuliza habari za jiwe tena, si ukaidi.

Jepkorir


Misikhu
3 Agosti 2024

Dada Jepkorir,

Jiwe haliko kaburini. Liko jikoni kwangu.

Ile barua yako ya Aprili niliisoma jikoni, nimekaa kwenye kigoda, kuku ameshachinjwa. Nikafika mahali ulipoandika jeusi, gumu, kitabu cha nyimbo, pembe imemeguka. Nikainua macho na kinoo changu kiko hapo mbele yangu. Nikakisugua kwa jivu na maji. Uchafu wa miaka yote ukatoka, na ubavuni ikatokea rangi nyeupe. Saba inasomeka. Nne imebaki mguu.

Bramwel alinipa kinoo hicho nilipoolewa. Visu nilivyovikuta vilikuwa butu, vya mwanaume anayeishi peke yake, nikalalamika. Akaenda nyuma ya stoo, akarudi nacho. Akasema, "Hili litakufaa." Nilipoiona ile namba nikadhani ni bei ya dukani, nikamwambia wamekupunja, shilingi arobaini na saba kwa jiwe? Alicheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi kwamba nimeolewa na mtu anayecheka hivyo. Sikuwahi kujua anacheka nini.

Dada, gamba halipo. Nimelitafuta juani, nimelipapasa kwa kidole. Pale katikati uliposema limetokeza pamelika, pamekuwa bonde la kisu, limeng'aa. Alinoa hapo kila Jumapili, na siku za kazi nilinoa mimi. Sisi wawili tumelimaliza.

Nimenyamaza kwa sababu nilitaka uamini liko kaburini. Nilijua ukisikia liko utalitaka, na mimi kilichobaki kwangu ni ule mlio. Derrick alinikuta nimelipakata, akasema, "Mathe, si umpelekee tu, hilo ni jiwe." Nikamwambia fundi Ngige naye alisema hivyohivyo, tazama kaburi la baba yako.

Kukupa, sikupi. Lakini siwezi kukuacha umalize macho yako ukingoja simiti ipasuke. Njoo ulione. Na kabla hujaja unijibu, maana hakuna mwingine wa kuuliza: yeye alijua ananolea nini?

Agneta


Kitale
15 Agosti 2024

Agneta,

Alijua. Alilichora gamba hilo kwa penseli siku nzima, mstari kwa mstari. Hakuna mtu chini ya jua aliyelijua kuliko yeye. Na alijua pia kwamba tope lile lililogeuka jiwe linanoa vizuri. Wazee wa kule walikuwa wakilitumia hivyo.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilikasirika. Nilitembea hadi mwisho wa shamba na kurudi. Nilijiuliza kwa nini hakulitupa mto Nzoia nikajua limetupwa, au kwa nini hakuliacha sandukuni na mengine. Kulitoa akaliweka jikoni, likalika mbele ya macho yake kila Jumapili, hilo sikulielewa. Nilitafuta maana. Kwanza nikaona alitaka kunifuta. Halafu nikaona alitaka kuwa karibu nami. Zote mbili zilinifurahisha kidogo, nikaziogopa kwa sababu hiyo.

Job alikuwa akifunga kamba za viatu, wala sikumuuliza. Akasema, "Alikuwa na mke ambaye visu vyake ni butu."

Nimejaribu kupata jibu bora kuliko hilo. Sijapata.

Tutakuja Jumamosi, tarehe 7 Septemba. Nitabeba nusu yangu. Usijisumbue kwa chakula.

Jepkorir


Misikhu
22 Septemba 2024

Dada Jepkorir,

Natumaini mlifika salama na kwamba Job ameacha kulalamika. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Nimeandika pia yale yaliyotokea ukiwepo, kwa sababu siku ile niliona wewe hukuona yote, na Derrick anayasimulia vibaya huku sokoni.

Kwanza ile habari ya firigisi. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Kwa karibu miaka arobaini ilikuwa ya Bramwel, na tangu alipokufa Derrick ameichukua bila kuuliza. Siku ile mgeni mkubwa mwanaume alikuwa Job, na Job alishanyoosha mkono. Nilipoivuta sahani nikakuwekea wewe, Derrick alinitazama kama nimetukana kanisani. Job naye akasema, "Kumbe mimi nimekuja kuendesha gari tu." Wewe ulikuwa unatafuta chumvi, hukuona uso wa hata mmoja wao. Ulikula tu. Sasa ujue ulikula nini.

Pili, mawe. Ulipoyaweka moja juu ya jingine yalikaa sawasawa, kingo kwa kingo, isipokuwa ile pembe uliyoivunja. Nilisikia ukivuta pumzi. Lakini Derrick alimulika tochi ya simu kwa ubavuni, na mwanga ukapita katikati ukatokea upande wa pili. Penye shimo lako na bonde langu palikuwa na pengo la kupitisha kidole. Ukasema basi, nimeziona, asante. Ulianza kulifunga lako kwa leso.

Nilikuwa nimekuomba nilipapase lako mapema, na nikaona ni shimo tu. Sikuelewa mtu anasafiri na shimo kutoka Ulaya kwa nini. Ndipo nikamega ugali, nikauviringisha kama wa kuchovya mchuzi, nikaubandika humo na kuukandamiza kwa dole gumba. Ulipiga kelele, "Mikono yako ina mafuta!" Nikakujibu langu limekula mafuta ya kuku tangu 1984 na halijalalamika.

Nilipoubandua, gamba lilikuja na ugali. Mistari yote, imejisokota hadi katikati, padogo kama shanga. Dada, mimi ndiye niliyeliona kwanza. Niliyaona aliyoyaona Bramwel siku alipopiga nyundo, akiwa kijana ambaye sikumjua. Halafu nikakuwekea kiganjani. Ulilishika umefumba macho, ukalizungusha, na kidole chako kikaenda nalo mzunguko kwa mzunguko bila kukosea. Ni Job aliyeuliza kama huo ugali kuna mtu anaula.

Niliula mimi, na mchuzi. Kama ni kosa, mwambie mwalimu wenu wa Wales.

Mwisho ni hili. Jiwe lako lilibaki mezani, kwenye leso. Nilitaka kumtuma Derrick alilete kwa ofisi ya vifurushi, akakataa. Anasema mtu hasahau kitu alichokifunga mafundo mawili. Basi nimeliweka kabatini, rafu ya vikombe vya wageni. La kwangu limerudi jikoni. Nilikaa Jumapili mbili bila kunoa, nikiogopa kulimaliza zaidi, na nyumba ikawa kimya mpaka nikakasirika. Leo nimenoa.

Ukitaka kuligusa lako, njoo. Macho hayahitajiki. Ugali upo, jogoo mwingine yupo, na kisu kina makali.

Agneta